Tone moja asubuhi, moja jioni

Aina ya glakoma iliyoenea zaidi huharibu mshipa wa fahamu wa jicho bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Ndani ya jicho maji hutengenezwa na kutoka kila saa. Yakikwama, presha ya jicho hupanda na kuumiza mshipa huo.

Matone ya timololi, ya jamii ya beta-bloka, yanayotumika tangu miaka ya 1970, hupunguza maji yanayotengenezwa. Ukishaweka tone, fumba jicho, bonyeza kona ya karibu na pua dakika mbili, dawa isiingie sana damuni. Wengi hawaambiwi hili! Mwenye pumu, dawa hii inaweza kumbana kifua vibaya. Ukiwa nayo, mwambie daktari kwanza. Chupa ikikaribia kuisha, tafadhali nunua nyingine mapema.