Mfarishi Ulioshonwa Nyumbani

(Maneno ya akina mama wanachama katika sherehe ya miaka 10 ya Chama Kikuu)



Waliotutangulia wamesema habari za mahindi, maharage, ngano na alizeti, nao wamezisema vema. Sisi tumechagua kusema habari ya mfarishi, yaani lile funiko la kitandani lenye matabaka matatu, tulishonalo wenyewe nyumbani kwa cherehani. Huenda mtu akauliza: mfarishi na ushirika vina udugu gani? Tuvumilieni kidogo, udugu huo utaonekana.

Mji wetu wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika Juni na Julai baridi ya Ufipa huingia hata mifupani. Miezi hiyo ndiyo ya mavuno, na ndiyo ambayo bei ya mahindi huwa chini, kwa maana kila nyumba inayo. Mkulima ambaye watoto wake walala wakitetemeka hawezi kungojea bei njema. Hutoa gunia, akamwuzia mchuuzi wa njiani kwa bei apendayo mchuuzi, ili apate blanketi. Hivyo ndivyo baridi inavyouza mahindi yetu kabla sisi wenyewe hatujayauza. Nyumba yenye mifarishi yake yaweza kuliacha gunia lile ghalani.

Wala kazi ya nguo si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 wazee wa Ufipa na wa bonde la Rukwa walifuma wenyewe nguo nzito za pamba. Baadaye zikaja nguo za viwandani kutoka pwani, na miongoni mwake ile iliyoitwa merikani kwa kuwa ilitoka Marekani, na kazi ya kufuma ikafifia. Kuko huko pwani husimuliwa kwamba mabibi wa Unguja na Mombasa walinunua leso, wakaunga sita ziwe vazi moja, na kwamba kanga ilianzia hapo. Basi kuunga vipande vidogo viwe kitu kikubwa ni hekima ya zamani katika nchi zetu.

Sasa tuseme jinsi kazi yenyewe ilivyo. Tabaka la juu ni viraka vya kanga na vitenge vilivyochakaa pembeni lakini vingali vizima katikati. Twavifua, twavikata mraba kwa kipimo kimoja, twaviunga na kuvipiga pasi. Tabaka la chini, ndilo bitana, ni shuka nzee. Katikati twaweka blanketi kuukuu au pamba iliyochambuliwa vizuri. Yote matatu twayatandaza juu ya mkeka, tukayapiga bandi kwa mkono, tukianza katikati na kwenda kandoni, ili yasiteleze.

Hapo ndipo huja kazi iliyowatisha wengi wetu, nayo ni kupitisha unene huo wote chini ya sindano. Zamani tuliishia kwenye kuunga viraka, kisha tukampelekea fundi amalizie kwa malipo. Leo twamaliza wenyewe, na siri yake si kubwa. Sindano iwe nene, namba 16 au 18, na mshono uwe mrefu. Mfarishi ukunjwe pande mbili kama mkeka, ili upite chini ya mkono wa cherehani. Mshono wa kwanza upite katikati, na mingine ifuate kuelekea kandoni, shubiri moja kati ya mmoja na mwingine. Tena pawe na meza nyuma ya cherehani ya kuupokea uzito, kwa maana mfarishi unaoning'inia huvuta sindano hata ikavunjika. Na awepo mwenzi wa kuushika, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu yatosha kabisa. Haidai umeme, yadai mafuta kidogo na subira nyingi.

Na furaha yake, ndugu wanachama, ni vigumu kuieleza kwa asiyeionja. Mshono wa mwisho ukiisha na pindo likazungushwa, twauinua mfarishi kwa mikono miwili, tukaona kanga ya harusi ya mmoja, gauni la shule la mwingine, na kitenge cha bibi aliyekwisha kututoka, vyote vimekuwa kitu kimoja. Mishono mingine imepinda kidogo. Mtoto aliyelala chini yake haioni. Ila sisi twajua kwamba tangu mkato wa kwanza hata fundo la mwisho, kazi ile haikutoka mikononi mwetu.

Udugu wake na ushirika ndio huo. Mkulima mmoja na gunia lake ni kama kiraka kimoja: hakimfuniki mtu. Lakini hata viraka vilivyoungwa havina joto mpaka kazi imalizwe, na anayeimaliza ndiye anayebaki na faida yake.

Kwa hiyo twaleta ombi moja mbele ya Halmashauri. Cherehani na ihesabiwe kuwa chombo cha kazi, kama jembe la kukokotwa na ng'ombe, na mwanachama akiomba mkopo wa zana aruhusiwe kuikopa, awe mume au mke. Mtakapotukopesha cherehani mwezi wa Januari, mtayakuta mahindi ghalani mwezi wa Agosti.

Ushirika udumu.