Muuguzi wa Kumrudia: Heshima katika Uchunguzi wa Mlango wa Kizazi



Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo haizuki ghafla. Tangu virusi vya HPV vinavyoisababisha viingie mwilini hadi saratani ijitokeze, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10. Muda wote huo dalili za awali zinaweza kuonekana na kutibiwa. Kinachotakiwa ni mwanamke apime, kisha arudi. Na kurudi kwake kunategemea sana muuguzi aliyempokea mara ya kwanza.

Tukitazame kipimo chenyewe. Mwanamke huvua nguo za chini na kulala kitandani, magoti juu. Muuguzi huingiza spekulamu, hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama pana doa jeupe. Ni kipimo chepesi, lakini dakika hiyo ni ndefu mno kwa mtu aliyelala wazi huku watumishi wakipita. Muuguzi mwenye utu hufunga pazia kwanza. Humwachia khanga ajifunike, humwonyesha kifaa, humweleza atakachofanya. "Mama, sasa utasikia ubaridi. Ukiumia niambie, nitaacha." Akiambiwa, huacha kweli.

Aliyefokewa mbele ya foleni, "Ulikuwa wapi siku zote?", harudi. Tena huwasimulia dada na mashoga zake, nao wasiende. Wauguzi hujitetea kwamba wagonjwa ni wengi na wao ni wachache. Ni kweli, na hoja hiyo ipelekwe kwa mwajiri kwa nguvu zote. Lakini kufunga pazia hakungoji ajira mpya.

Basi utampataje muuguzi mwenye utu? Waulize kina mama waliokwisha kupima, kwenye vikundi vya akiba vya VICOBA, kanisani, msikitini. Usiishie kuuliza kama ni mpole. Uliza aliwaambia nini kabla ya kuwagusa, na majibu aliwapa faraghani au koridoni. Ukitaka muuguzi wa kike, sema mapema, ingawa wapo wanaume wenye staha kubwa katika kazi hii. Nenda ukiwa mzima: kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Anayesubiri hadi atoke damu huenda kwa hofu, na mwenye hofu hachagui.

Ukidhalilishwa, mwone mfawidhi wa kituo. Muuguzi ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Baraza hupokea malalamiko.

Kwa wafawidhi mliopo hapa, nina ombi moja. Rejista zenu huonyesha waliopimwa. Asiyekutwa na doa kwenye kipimo cha siki anatakiwa kupima tena baada ya miaka 3 hivi: mwandikieni tarehe, na mwisho wa mwaka mhesabu pia waliorudi.