Kodi ya Mapato kwa Anayerejea Kazini Baada ya Fao la Kukosa Ajira



Chunya imeishi na dhahabu tangu enzi za machimbo ya Lupa, miaka ya 1920 na 1930. Kila mkazi anaifahamu tabia ya machimbo. Leo mtambo wa kuchenjua dhahabu unanguruma usiku na mchana; kesho uzalishaji umesimama na wafanyakazi wamekabidhiwa barua za kusitishiwa ajira. Miezi michache baadaye mtambo mwingine unafunguliwa Makongolosi au Matundasi, na fundi yule yule anaitwa tena. Hapo ndipo swali huibuka: aliyekuwa akipokea fao la kukosa ajira akirejea kazini, kodi yake inakuwaje?

Ni vema kuanza na fao lenyewe. Mwanachama wa NSSF aliyechangia miezi 18 au zaidi, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 6. Fao hilo ni la asiye na kazi. Akipata kazi kabla ya miezi hiyo kwisha, haki ya kuendelea kulipwa hukoma.

Wapo wanaosikia hivyo wakasita. Hudhani kwamba kuandikishwa kazini ni kupoteza fao na papo hapo kuanza kukatwa kodi, basi heri kulipwa mkononi na jina lisionekane popote. Hesabu inaonyesha vingine.

Chukueni mfano wa fundi aliyekuwa akilipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Fao lake ni takribani shilingi 200,000. Akiajiriwa tena kwa mshahara ule ule, kwanza hutolewa mchango wake wa NSSF wa asilimia 10, yaani shilingi 60,000. Kodi hukokotolewa kwenye 540,000 zinazobaki. Kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, ambayo ni shilingi 20,000. Ziada ya shilingi 20,000 hutozwa asilimia 20, ambayo ni shilingi 4,000. Kodi yote ni shilingi 24,000, na fundi anakwenda nyumbani na 516,000. Hiyo ni zaidi ya maradufu ya fao. Mwajiri mpya hukata kodi kwenye mshahara anaoulipa yeye. Halijumlishi fao la miezi iliyopita.

Tena, mwajiri naye huchangia angalau asilimia 10. Hivyo shilingi 120,000 huingia NSSF kila mwezi kwa jina la fundi huyo. Anayelipwa mkononi hana mchango hata wa senti moja, na mtambo ukisimama tena hana cha kudai.

Lipo, hata hivyo, jambo la kuangaliwa sana. Sheria hutofautisha ajira kuu na ajira ya pili. Ajira ya pili hukatwa asilimia 30 moja kwa moja, bila kile kiwango kisichotozwa kodi. Fundi wa mfano huu akihesabiwa kimakosa kuwa bado ana ajira ya kwanza kwingine, atakatwa shilingi 162,000 badala ya 24,000. Tofauti ya shilingi 138,000 kwa mwezi ni ada ya mtoto, ni mfuko wa mbolea.

Kwa hiyo anayerejea kazini afanye mambo manne. Kwanza, amwonyeshe mwajiri mpya barua ya kusitishwa kwa ajira ya zamani na aeleze kwa maandishi kwamba kazi hii ndiyo ajira yake kuu. Pili, atoe namba yake ile ile ya NSSF na namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN. Asiombe nyingine mpya. Tatu, aiarifu NSSF siku anayoanza kazi, asingoje kuulizwa. Nne, aombe hati ya mshahara kila mwezi na aisome: mchango wa NSSF utolewe kwanza, kodi ifuate. Kodi hiyo mwajiri hutakiwa kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha.

Anayeona makato yasiyoeleweka aanze kwa mhasibu wa kazini. Asiporidhika, abebe hati zake za mshahara na barua zake mpaka ofisi za TRA na NSSF jijini Mbeya. Nauli ya siku moja ni ndogo kuliko makosa ya mwaka mzima.

Dhahabu huja na kupotea, na hakuna ajuaye mwamba utakwisha lini. Mfanyakazi aliyeandikishwa, akakatwa kodi kwa haki na kuchangiwa kila mwezi, siku hiyo ikifika hatarudi nyumbani mikono mitupu.