Mgombea Aulizwe Kazi, Si Ukoo Wala Ndoa
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumzie kampeni. Mwanamume akisimama kuomba kura, tunamwuliza, "Utatuletea maji lini?" Mwanamke akisimama papo hapo, swali linageuka: "Mume wako ni nani? Wewe ni wa wapi?"

Mama huyu anachapwa fimbo mbili. Akigombea alikozaliwa, ataambiwa, "Wewe uliolewa, nenda ukaombe kura kwa mumeo." Akienda kwa mumewe, na kama ni wa ukoo au kabila lingine, wanasema, "Huyo ni wa kuja tu." Sasa agombee wapi jamani? Na kama hajaolewa, hilo nalo linatangazwa mkutanoni kama kosa.

Tazameni matokeo yake. Katika uchaguzi wa 2013, kaunti zote 47 hazikumchagua hata mwanamke mmoja kuwa gavana au seneta. Mwaka wa 2017 walichaguliwa magavana wanawake 3, na 2022 wakawa 7. Ni hatua, lakini bado ni wachache. Wala msiseme mambo haya ni mageni. Kisumu Mjini walimchagua Grace Onyango kuwa mbunge wao mwaka wa 1969.

Sheria nayo iko wazi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa rangi, wa kabila, wa jinsia, hata wa hali ya ndoa. Kifungu cha 91 kinakataza chama cha siasa kujengwa juu ya kabila au jinsia. Lakini Katiba haina mdomo wa kumnyamazisha mchochezi uwanjani. Tulioketi pale ni sisi.

Tufanye nini basi?

Kwanza, kikundi kikae mapema kiandike maswali: kazi aliyowahi kuifanya, mipango ya maji, basari za watoto, barabara. Wagombea wote waulizwe hayo hayo.

Pili, anayetukana kabila la mtu au nyumba ya mtu asipigiwe makofi, hata kama ametuletea soda na kukichangia kikundi. Mchango wake usitufunge mdomo.

Tatu, kura ni siri. Mzee asimchagulie mama, na mama asimchagulie mzee. Jadilianeni nyumbani, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Ndugu zetu, jambo hili tunaliweza. Katika vikundi vingi, mweka hazina ni mama aliyeolewa kutoka mbali. Tulipompa ufunguo wa sanduku hatukumwuliza ukoo. Tulitazama kama anajua hesabu na kama ni mwaminifu. Anayeomba kushika pesa za kaunti nzima apimwe kwa kipimo hicho hicho.