Udongo Wenye Mbegu za Gugu Karoti na Matumizi Yake Katika Ujenzi

(Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi, Tumati)



Chama kinapoazimia kujenga ghala, jambo la kwanza kujadiliwa ni fedha, na la pili ni saruji na mabati. Udongo hauulizwi umetoka wapi. Hufika kwa lori, humwagwa, husawazishwa, na unaobaki hupewa yeyote mwenye shimo la kuziba. Kwa njia hiyo adui wa mashamba aweza kuingia kijijini akiwa amelipiwa nauli na chama chenyewe.

Adui huyo ni gugu karoti. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Nchini India lilianza kuenea katika miaka ya 1950, Kenya lilionekana katika miaka ya 1970, na mwaka 2010 liliripotiwa Arusha. Majani yake hufanana na ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe. Mche mmoja huweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000, nazo hukaa udongoni miaka kadhaa zikingoja mvua. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mtu aking'oa kwa mikono mitupu huweza kupata upele, na wengine hushikwa na pumu. Kwa mkulima wa Mbulu, ambaye shamba na zizi lake hutegemeana, hasara hiyo hugusa chakula cha watoto.

Je, udongo wa namna hiyo utupwe? La. Kuutupa ni kuusambaza. Zipo njia za kuutumia bila madhara.

Njia ya kwanza ni matofali ya kuchoma, endapo udongo una mfinyanzi wa kutosha. Moto wa tanuru huua mbegu. Lakini matofali mabichi yasianikwe karibu na malisho, wala mabaki ya udongo yasiachwe ovyo.

Ya pili ni kuufukia chini ya sakafu au katika shimo refu. Mbegu za gugu hili ni ndogo mno, na zikiwa chini sana chipukizi haliwezi kufika juu. Hata hivyo hubaki hai muda mrefu; kwa hiyo mahali hapo pawekwe alama, pasichimbwe tena. Uingereza, udongo wenye mizizi ya mmea fulani msumbufu uliotoka Japani hutakiwa kufukiwa mita 5 chini, usipofungwa kwa karatasi maalumu ya kuzuia mizizi.

Ya tatu ni jua. Udongo hutandazwa kwa tabaka jembamba, hunyweshwa maji, na kufunikwa kwa nailoni angavu iliyobanwa pande zote, kwa wiki 4 hadi 6. Nyanda za juu zina baridi. Basi kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi chenye jua kali, na udongo ugeuzwe kisha ufunikwe tena.

Ya nne ni kuotesha kwa makusudi. Lundo hunyweshwa, miche huota, nayo hulimwa kabla ya kutoa maua. Gugu hili huweza kuchanua wiki 4 hadi 6 tu baada ya kuota, kwa hiyo mwenye zamu asichelewe hata kidogo. Kazi hurudiwa hadi pasiote kitu.

Kabla ya kuutumia udongo juu ya ardhi, utiwe kiasi katika debe, unyweshwe kwa mwezi mmoja, uangaliwe. Yakiota majani ya karoti, haujawa tayari.

Kamati ya ujenzi imteue mjumbe mmoja wa kukagua machimbo kabla ya lori kupakia, na magurudumu yaoshwe kabla ya kuondoka huko. Anayeng'oa avae glavu na afunike pua. Mche wenye shaka upelekwe kwa bwana shamba, ambaye atawasiliana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoko Arusha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ghala hujengwa ili lihifadhi mavuno ya wanachama; lisiwe chanzo cha kuyapoteza.