Njugu za Sukari: Zawadi ya Idd Kutoka Jikoni Mwako

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana, Laini Saba, mwezi wa Ramadhan, baada ya Swala ya Alasiri)



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike, walionipa mada hii walitaka nizungumze juu ya zawadi ya Idd kwa mwenye mfuko mdogo. Nimeona nisizungumze hewani. Nimechukua kitu kimoja tu, njugu za sukari, jinsi ya kuzitengeneza nyumbani, za kutafuna baada ya futari na za kumpelekea jirani siku ya Idd. Naona ndugu zangu wawili huko nyuma wanachekana, ati kijana wa chuo kikuu amesimama kufundisha sufuria! Chekeni tu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, hilo mmelisoma tangu madrasa. Sasa sisi ni nani tuone haya ya mwiko?

Kwanza tuelewane kitu chenyewe. Si kashata. Kashata sukari inayeyushwa, njugu au nazi inachanganywa humo, halafu inamwagwa na kukatwa vipande. Njugu za sukari kila punje iko peke yake, imevaa koti lake la sukari, haishikani na mwenzake. Njugu yenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, na mpaka leo kule Buenos Aires, Argentina, wachuuzi huzipika hivi hivi barabarani kwenye sufuria za shaba. Wafaransa wao hutumia lozi. Sisi lozi na korosho tuwaachie wenye nazo, maana bei yake ni ya arusi. Njugu karanga inatutosha.

Mahitaji ni vikombe viwili vya njugu mbichi na maganda yake yale mekundu, kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha maji, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Basi. Ukitaka harufu, ongeza iliki iliyopondwa au mdalasini. Njugu hizo ni kama gramu 300, sukari kama gramu 200, na maji yote yatakwenda na mvuke. Kwa hiyo mwishoni una karibu nusu kilo, yaani zawadi tano za gramu mia mia. Hesabu ya shilingi fanya mwenyewe kwa bei ya duka lako la wiki hii, halafu linganisha na boksi moja la biskuti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague mada hii. Kabla hujawasha jiko, njugu zichambuliwe.

Mnakijua kile kisa cha sokoni. Mtume (s.a.w.) alipita penye chungu ya chakula inauzwa, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Juu pakavu, chini kumeloa. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua, na jibu alilopewa ni kwamba angekiweka kile kilicholoa juu watu wakione, na kwamba mwenye kudanganya hayumo pamoja nasi. Huwa tunakisoma kisa hiki kama somo la biashara, na ni kweli. Lakini hebu tazameni na unyevu wenyewe. Nafaka iliyoloa ndiyo inayoota kuvu, na kuvu ndiyo inayotengeneza sumu.

Sumu hiyo inaitwa aflatoksini, wenzetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Ilijulikana mwaka 1960 kule Uingereza, pale batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa baada ya kulishwa chakula kilichotengenezwa kwa mashudu ya njugu. Angalieni, ni njugu hizi hizi. Kwetu hapa, mwaka 2004, mahindi yenye kuvu yaliuwa watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikapiga Dodoma na Manyara, Tanzania. Hao ni wale waliokula nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haangukii hapo mlangoni, ila ini lake linaumia polepole na hatari ya saratani ya ini inazidi, hasa kwa mtu ambaye tayari ana homa ya ini ya aina ya B. Mahindi na njugu ndivyo vinavyoathirika sana, na vyote viwili ndivyo tunavyokula kila siku.

Wengine hapa watasema, "Si nitazikaanga? Moto unaua kila kitu." Moto unaua kuvu, ni sawa. Lakini sumu ikishaingia kwenye punje, moto wa jikoni hauiondoi. Unaweza kuipunguza kidogo, haimalizi. Kuosha nako hakusaidii, na tena kunarudisha ule unyevu. Sukari ndiyo mbaya zaidi kwa njia yake, maana njugu mbovu mara nyingi ni chungu, ukiitafuna ulimi unakuamuru uteme. Ukiivika sukari na iliki, ulimi haujui tena. Umemnyang'anya jirani yako ile kengele aliyopewa na Mola wake! Na wewe mpishi umefunga, huonji. Kwa hiyo imebaki jicho tu, na jicho lifanye kazi mapema, kabla ya sukari.

Namna ya kuchambua: mwaga njugu kwenye sinia jeupe, kidogo kidogo, karibu na mlango au nje penye mwanga wa jua, si chini ya ile balbu moja ya kati ya nyumba. Toa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye madoa meusi au ya kijani, iliyotobolewa na mdudu, iliyoota. Toa na zilizovunjika, hata kama unaona uchungu wa pesa. Habari njema ni kwamba sumu hii haijigawi sawasawa, hujilimbikiza kwenye punje chache zilizoharibika, kwa hiyo ukizitoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Sisemi yote. Kuna njugu nzuri kwa macho na ina sumu, na huyo ni mtaalamu wa maabara tu atakayeijua. Ndiyo maana duka nalo lina maana. Ukienda Nyamakima kwenye maduka ya nafaka, au hapa kwetu kwa mama wa nafaka, omba ruhusa uingize mkono mpaka chini ya gunia, kama kwenye kile kisa. Ikiwa ndani kuna ubaridi wa unyevu au harufu ya kuvunda, shukuru na uondoke. Na usinunue zilizokwisha kubanduliwa maganda na kukaangwa, maana hapo huwezi kuona kitu.

Hizo ulizotoa usimpe kuku. Kumbukeni wale batamzinga. Wala usizipeleke kusagwa siagi ya njugu ya chai ya asubuhi, kwa sababu siagi nayo inaficha kama sukari. Zitupe.

Kupika kwenyewe ni robo saa mpaka dakika ishirini. Tafuta sufuria nzito, ile nyembamba ya kuchemshia chai itaunguza. Weka njugu, sukari, maji na chumvi vyote pamoja, peleka kwenye moto wa wastani. Kwa mwenye jiko la makaa, subiri makaa yashike vizuri halafu usiyapepee tena, na ukiona moto ni mkali inua sufuria, usihangaike na makaa. Mlango uwe wazi, kwa ajili ya moshi na kwa ajili ya ile hewa ya makaa isiyonuka ambayo huua watu waliojifungia.

Koroga. Mwanzo ni maji maji tu yanayochemka. Baada ya dakika nane au kumi mapovu yanakuwa makubwa na mazito, mwiko unaanza kuacha njia chini ya sufuria. Halafu ghafla kila kitu kinakauka na kuwa kama mchanga, njugu zimepakwa unga mweupe mweupe. Hapa ndipo watu wengi wanapodhani wameharibu, wanaongeza maji. Usiongeze! Ndivyo inavyotakiwa. Maji yamekwisha, sukari imerudi kuwa chembe. Punguza moto, endelea kukoroga ukigeuza za chini kuja juu. Ule mchanga wa chini utaanza kuyeyuka tena, sasa bila maji, unakuwa na rangi ya chai, na unazishika njugu. Utasikia njugu zinaanza kupasuka kidogo kidogo, harufu inabadilika. Nyunyiza iliki. Zikiwa nusu zinang'aa na nusu bado zina mchanga mchanga, toa. Ukingoja zote zing'ae, zile za kwanza zimeshaungua na uchungu wake hautoki.

Kama mnavyoona, kazi yote hii ni ya jicho, sikio na pua. Aliyefunga anaipika kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kugusa ulimi. Ila mimi ningesema mpike baada ya tarawehe, kwa sababu ya jambo moja: kuta zetu ni za mabati na jirani wa upande wa pili naye amefunga, harufu ya sukari na iliki saa kumi jioni ni mtihani ambao hakuuomba.

Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, tandaza haraka kwa vijiko viwili, tenganisha moja moja. Msiguse kwa vidole, nawaomba. Maji hapa Nairobi, kwa vile tuko juu, yanachemka hata kabla ya nyuzi 100. Sukari hii imepita 150, na ikidondoka kwenye ngozi inanata, haitiririki ikaondoka kama maji. Chumba kimoja, jiko sakafuni, mtoto anatambaa: mnaijua picha hiyo. Mtoto apelekwe kwa jirani dakika ishirini hizo, au usipike. Na ikitokea mtu ameungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, mtungi unaminwa taratibu kwa dakika ishirini, kisha hospitali kama ni kubwa. Dawa ya meno hapana, unga hapana, mafuta ya kupikia hapana.

Sufuria iliyoganda usiikwaruze. Tia maji, rudisha motoni, sukari itaachia yenyewe.

Zikishapoa kabisa, na nasema kabisa, ndipo zifungwe. Zikifungwa na joto zitatoa mvuke na kulowana. Zamani tungesema tia kwenye juala la nailoni, lakini tangu Agosti 2017 mifuko ile imepigwa marufuku Kenya, kwa hiyo tumia chupa ya jemu iliyooshwa na kukaushwa vizuri, au bahasha ya khaki ikiwa italiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwenye chupa iliyofungwa vizuri zinakaa wiki mbili bado zinalia zikitafunwa. Kwa hiyo anayetaka za Idd azipike kabla ya kumi la mwisho halijashika sana, usiku wa tarehe 27 si wakati wa kukoroga sufuria.

Za nani? Za jirani, na jirani simaanishi Muislamu peke yake, plot zetu mnazijua. Lakini ulizeni kwanza. Kuna watu njugu inawafunga koo na kuwavimbisha mwili, na hilo ni jambo la kuua, si la kudeka. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe nzima, humkwama. Mzee mwenye kisukari mkaangie zake pembeni kwa chumvi kidogo, bila sukari, umfungie kwenye chupa nzuri kama za wengine ili asijione ametengwa.

Najua kuna wanaowaza biashara, na sioni ubaya. Ila anayeuza chakula anatakiwa awe na cheti cha afya, na bidhaa ya kufungashwa ikipelekwa madukani inatakiwa alama ya ubora ya KEBS, basi anayetaka aulize mapema. Na uchambuzi ni ule ule. Njugu zilizotolewa zinapunguza faida, na hapo ndipo mtu hujaribiwa kuzirudisha sufuriani maana hakuna atakayeona.

Ndugu mmoja ameniuliza mlangoni kama asali inaweza kuchukua nafasi ya sukari. Haigandi kuwa chembe, itabaki inanata, zitakuwa donge moja. Asali kulieni mkate.

Bado tuna kama saa moja na nusu kabla ya adhana ya Magharibi. Nimekuja na kilo mbili za njugu mbichi kwenye kikapu hiki, sijazigusa. Ndugu zetu wa kike wamekuja na masinia. Tuyasogeze pale dirishani penye mwanga, watu watano watano kwa kila sinia, na zile mtakazozitoa wekeni kwenye gazeti tuone ni ngapi.

Wabillahi taufiq, wassalaam alaykum warahmatullah.