Umetoka shule binafsi, umepangiwa advansi ya serikali: tuzungumze kabla ya Julai

(Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa kata yetu ya Rusimbi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa ajili ya wale ambao hawakufika na wameendelea kuniuliza kwenye simu.)

Ndugu mwenyekiti wa vijana wa kata, viongozi wa matawi, wazazi wetu mliokubali kukaa na sisi kwenye mabenchi haya, na nyie vijana wenzangu.

Nimepewa dakika ishirini, sitazila zote. Mada yangu ni kuhama kutoka shule binafsi kwenda kidato cha tano cha serikali. Mwingine atasema, hii ni mada ya chama kweli? Subirini kidogo, mtaona.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mimi hupata maswali mawili. La kwanza linatoka kwa wazazi: "Mwanangu nimemsomesha shule ya kulipia miaka minne, sasa nikimpeleka serikalini si atapotea?" La pili linatoka kwa vijana wenzangu waliosoma shule za kata: "Hawa watoto wa kishua wanasoma kwa raha O-level, halafu wanakuja kutubania nafasi zetu advansi." Maswali haya mawili ni ndugu. Nitayajibu yote, kwa sababu njia hiyo nimeipita mwenyewe.

Tuanze na ukweli wa jambo lenyewe. Kupangiwa kidato cha tano cha serikali si zawadi ya waliosoma shule za serikali peke yao. Wanapangwa wote waliofaulu, awe ametoka shule ya kata au shule binafsi. Unatakiwa uwe na alama za A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, na masomo yako yakubali tahasusi uliyoomba. Ndiyo maana ukienda Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Boys au Kilakala utakuta vijana wametoka kila aina ya shule. Kwa hiyo aliyetoka shule binafsi hajaiba nafasi ya mtu. Ameshindana kwa sheria iliyopo. Kama mashindano yenyewe hayako sawa, na nitasema kwamba hayako sawa, wa kuulizwa ni aliyeweka uwanja, siyo mtoto aliyekimbia.

Kwa nini watu wanahama? Jamani, hela. Tusizunguke. Kwetu sisi baba anafanya biashara ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, mama ana genge. Waliniingiza shule binafsi kwa sababu mwaka ule shule niliyopangiwa ilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu kwa shule nzima. Ada ilizidi milioni moja kwa mwaka. Miaka minne! Hapo dagaa wakipatikana tunalipa, wasipopatikana narudishwa nyumbani wiki mbili. Sasa usifikiri kila aliyesoma shule binafsi ni mtoto wa tajiri. Humu Kigoma Ujiji wengi ni watoto wa wavuvi, mafundi, mama lishe na walimu, ambao wazazi wao wamejibana mpaka mfupa. Kidato cha nne kikiisha mzazi anapumua, anasema: mwanangu, nilipofika ni hapa.

Na hata kuondoka si bure. Nilipomaliza nilikuwa nadaiwa. Matokeo yangu niliyaona kwenye mtandao kama kila mtu, lakini karatasi zangu shule ilikaa nazo mpaka deni liishe. Sitaitaja shule, na sijaja hapa kulipiza kisasi. Ninachosema ni hiki: mzazi mwenye deni, nenda mapema ukazungumze na shule, mwandikiane namna ya kulipa, upate karatasi za mtoto kabla ya kuripoti. Usingoje Julai.

Sasa nilipofika advansi, nini kilibadilika? Darasani O-level tulikuwa thelathini na kidogo. Advansi mkondo wetu wa EGM tulizidi sitini. Kule nyuma nilizoea mwalimu anakufuata: hujafanya zoezi, unaitwa, mzazi anapigiwa simu. Huku mwalimu anafundisha vizuri tu, lakini ana mikondo mingine inamsubiri. Ukilala, umelala. Kitabu kimoja mnashika watu watano. Maji unayafuata kwa ndoo. Prepo hakuna wa kukusimamia zaidi ya kiranja ambaye naye ana mtihani wake.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa wa chini kabisa kwenye hesabu. Na walioongoza ni akina nani? Vijana wa shule za kata. Kuna jamaa alitoka wilaya ya Uvinza, shule yao ilikaa karibu miaka miwili bila mwalimu wa hesabu. Alijifundisha kwa madaftari ya kaka yake na pepa za miaka ya nyuma. Yule alishajua kusoma bila kusukumwa, mimi ndiyo kwanza nilikuwa najifunza. Tukapanga: yeye ananielekeza hesabu, mimi namsaidia kuandika majibu ya uchumi kwa Kiingereza. Wote tulifaulu.

Nawaambia hili kwa sababu mbili. Wewe uliyetoka shule binafsi, usiende na kiburi cha Kiingereza. Kukiongea vizuri hakutoshi kujibu swali la Economics. Na wewe uliyetoka shule ya kata, usijione mdogo mtu akianza kumwaga kimombo bwenini. Mpe wiki sita. Pepa haisikii matamshi.

Wazazi, jibu lenu basi ni hili: mtoto hapotei kwa sababu shule ni ya serikali. Anapotea akienda bila kuandaliwa. Mwambie mapema kwamba hakutakuwa na wa kumfuata. Mfundishe kufua, kupanga muda, kuomba msaada kwa mwenzake. Na muulize tahasusi anaitaka yeye au umeitaka wewe.

Sasa nakuja kwenye siasa yake, maana ndipo tulipo.

Tunaambiwa elimu ni bure. Tuwe wakweli, hatua zimepigwa na sisi hatuna sababu ya kuzikana. Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Kabla ya hapo sekondari ya kutwa ilikuwa sh 20,000 kwa mwaka na bweni sh 70,000. Kisha kwenye bajeti ya 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikafutwa. Vizuri. Lakini kufuta ada na kufuta gharama ni vitu viwili. Chukua fomu ya kujiunga, ile tunayoiita joining, isome mpaka mwisho: godoro, shuka, tranka, ndoo mbili, jembe au fyekeo, rimu za karatasi, sare pea mbili, viatu, vitabu, kikokotoo, vipimo vya afya, na michango midogo midogo ambayo ukiijumlisha haiwi midogo tena. Halafu nauli. Mtoto wa Rusimbi anaweza kupangiwa Ruvuma au Mtwara. Hesabu basi siku ngapi, na chakula cha njiani.

Na hiyo joining inadaiwa lini? Julai. Sasa nisikilizeni hapa watu wa ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Mimi sipingi kupumzisha ziwa. Wazee wetu wenyewe wanasema migebuka na dagaa wamepungua, na ziwa likifa tumekufa. Lakini tazama kalenda. Mtoto anatakiwa kuripoti Julai, na Julai hiyohiyo mvuvi yuko nchi kavu, mbeba makasha hana kazi, mwanika dagaa hana dagaa, mama wa genge hana mteja. Mtu wa mkoa mwingine akiona mtoto amechelewa kuripoti atasema wazazi wa Kigoma hawajali elimu. Siyo kutojali! Ni kipato cha nyumba nzima kimesimama mwezi uleule mahitaji yanapodaiwa.

Hili halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia kulitatua. Linahitaji halmashauri ikae chini, iandike barua, iombe wanafunzi wa kata za uvuvi wapewe muda wa kuripoti bila kufutiwa nafasi, na itenge hata kifungu kidogo kwa waliopangiwa mbali. Mmesikia diwani yeyote akilisema hilo barazani? Basi tumuulize. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Wangapi hapa tumewahi kuingia? Nyosheni mikono. (Ilinyooshwa mikono minne.) Mnaona sasa.

Jambo lingine. Elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari iliwekwa sh 25,000 kwa mwaka, na nusu yake ndiyo ikawa inakwenda moja kwa moja shuleni, nyingine ni ya vitabu. Gawanya 12,500 kwa siku za masomo uone kama inatosha chaki. Mkuu wa shule akipungukiwa anaandika mchango kwenye joining. Januari 2018 Rais Magufuli alikataza walimu kudai michango, na makofi tulipiga, lakini pengo lenyewe liliachwa palepale. Tukimkaba mwalimu mkuu peke yake tunamwonea. Tukabe bajeti.

Na tuseme la mwisho ambalo ni gumu hata kwetu. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004 kwa nguvu za wananchi, watu walibeba mawe na mchanga. Kisha kila mzazi aliyepata uwezo kidogo akamtoa mtoto wake. Simlaumu, wangu walifanya hivyohivyo. Lakini aliyekuwa anajua kuandika barua akaondoka. Aliyekuwa anajua simu ya afisa elimu akaondoka. Kiongozi naye akampeleka wa kwake shule ya kulipia. Shule ikabaki na wazazi ambao wakilalamika hakuna anayewasikiliza. Ndiyo maana kurudi kwetu advansi ya serikali kuna maana ya kisiasa. Tunarudi, tumeona pande zote mbili, tunajua darasa la watu thelathini linafananaje. Tusirudi kimya.

Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Februari 1, 2025 inasema elimu ya lazima ni miaka kumi, yaani inaishia kidato cha nne. Tusipoisemea advansi sisi ambao ndiyo tunaisoma, ni rahisi ikabaki mtoto asiye na mwenyewe.

Tufanye nini? Nina manne, na yote tunayaweza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Moja. Dirisha la kubadilisha machaguo likifunguliwa, vijana wenye simu tukae hapa ofisi ya kata siku mbili, tuwasaidie wadogo zetu kuhakiki tahasusi zao. Wengi wanajaziwa na mtu wa steshenari ambaye hajui HGE na HGL zinatofautiana nini.

Mbili. Waliomaliza kidato cha sita mwezi Mei walete tranka, ndoo, madaftari na vitabu. Godoro la mtu mmoja linaweza kusomesha watatu. Tuandike nani amepokea nini, asije mtu akasema vijana wa chama wanagawa kwa kujuana. Na tusimuulize mtoto kadi ya mzazi wake ni ya chama gani. Tunashindana kwenye kura, siyo kwenye ndoo.

Tatu. Anayeingia kidato cha sita aanze sasa kuweka sawa karatasi za Bodi ya Mikopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA. Na wewe uliyesoma shule binafsi kwa kulipiwa na mfadhili, tafuta barua ya mfadhili mapema, maana Bodi inaangalia ulisoma wapi na nani alilipa. Mtoto wa mwanika dagaa anaweza kuhesabiwa mwenye uwezo kwa sababu tu ya jina la shule.

Nne. Ile barua ya kuomba muda kwa kata za uvuvi tuiandike sisi. Tuipeleke kwa mkurugenzi wa manispaa na nakala kwa diwani, ipigwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa watujibu kwa maandishi.

Katibu ana daftari pale mlangoni. Anayejitolea kwa la kwanza au la nne aandike jina na namba kabla hajatoka. Rasimu ya barua nitaileta Jumamosi, tuisome pamoja na kuirekebisha.

Nimemaliza, dakika zimebaki. Karibuni maswali, na wazazi waanze.